Kitabu cha Buku Mbili

Jumamosi, Makoroboi, nimechuchumaa
mbele ya turubai la Lukelesha.
Vitabu vimelala kifudifudi, vingine vina mihuri
ya shule ambazo sijapata kuzisikia.
Nina elfu kumi ya michango ya wazazi
na watoto ishirini na sita wa chekechea,
mdogo wao bado anajifunza kuomba kwenda kukojoa.

Chagua kwa picha, mwalimu, ananiambia Lukelesha.
Mimi nachagua kwa mdomo.
Nafungua, nasoma kwa sauti, papo hapo,
katikati ya muuza soksi na muuza betri za redio.

Hiki kinanikwama kooni: Hatimaye mvulana yule
alitambua umuhimu wa usafi wa mazingira.
Rudi ulikotoka.

Hiki kina theluji. Theluji naiweza,
nitawaambia ni barafu ya kwenye deli la samaki
imesagika, ikamwagwa kutoka juu.
Ila maneno yamejaa ukurasa kama dagaa kwenye gunia,
na mtoto wa miaka mitatu, ukichelewa kufunua,
anafunua yeye.
Au anakula kona.

Hiki kina samaki. Samaki tu, wa bluu, ana kope.
Namjua Nyamisi, ambaye mama yake ana meza Mwaloni:
"Mwalimu, ni sato au sangara?"
Nikijibu ni samaki, atanitazama
kama mteja asiyejua bei.
Nakiweka kando. Nakirudia. Nakichukua
kwa ajili ya huo ugomvi.

Na hiki, jalada limeungwa kwa gundi ya viatu:
kiboko wa rangi ya waridi, kofia kichwani,
kila ukurasa anaingia mahali pasipomtosha,
kwenye ndoo, kwenye kiatu, kitandani kwa bibi,
na kila mara, pu! pu! puuu!
Puuu ya pili, muuza soksi aligeuka.
Ya tatu aliisema yeye.
Buku mbili, akasema Lukelesha, nikatoa,
mimi ninayebishania hata fungu la nyanya.

Jumatatu, Mabatini, mkekani,
ubavuni mwa jiwe linalotugawia kivuli mpaka saa nne,
nikasoma. Ndoo, pu! Kiatu, pu!
Kuku wa jirani wakahama.
Ila Magesa, aliyekuja mwezi uliopita kutoka Igombe,
hakusema pu.
Aliuliza, polepole,
"Anacheka nini?"

Ndipo nikakumbuka,
kitabu nimekiinua juu watu wote waone,
mtumbwi wa baba yake mdogo,
na mama yake siku ya kuandikisha, akikunja khanga,
akikunjua, akisema, mwalimu, huyu usiku hulia.

Nilitaka kufunga. Samaki wa bluu alikuwa pale pale.
Magesa akainuka, akaruka miguu ya wenzake,
akaweka kiganja juu ya mdomo wa kiboko.
Meno yote yakafunikika.
Yakabaki macho, na kofia.
"Soma," akasema.

Nikasoma.
Kila ukurasa kiganja kilihama,
kikautafuta mdomo, kikatulia.
Na wale wengine wakasema pu kwa sauti ya chini,
sijui nani aliwafundisha.

Siku hizi ndicho kinachoombwa. Samaki naye
tumekubaliana ni sato, isipokuwa Ijumaa.
Kiboko ana doa la mafuta ya vitumbua mdomoni,
doa lenye ukubwa wa mkono wa mtoto,
na kuna siku doa hilo haliguswi na mtu,
na kuna siku linaguswa.

Nikirudi Makoroboi Lukelesha ananitania,
umeshajua kuchagua, mwalimu?
Bado.
Natandaza kwanza kiganja juu ya picha,
nione kama pana pa kufunika.
Kisha nafungua ukurasa wa kwanza.
Muuza soksi ameshaacha kuita wateja,
anangoja nianze.